Niliyoyaona Kupitia Tundu la Tumboni Mwangu

Kwa miezi kadhaa chakula changu kilitokea ubavuni. Kilipita mdomoni, kikashuka tumboni, kikazunguka karibu urefu wote wa utumbo mwembamba, halafu badala ya kuingia utumbo mpana kikajitokeza upande wa kulia, chini kidogo ya usawa wa kitovu. Hapo palikuwa na ncha ya utumbo ambayo daktari wa upasuaji aliivuta nje na kuishonea kwenye ngozi. Juu yake nilibandika mfuko. Wauguzi waliita ile ncha stoma. Mtaani watu husema tu, "yule mwenye mfuko."

Huku kwetu mwenye mfuko hujificha. Huvaa shati pana hata juani, hukaa benchi la mwisho kanisani, na akiulizwa anasema ana vidonda vya tumbo. Namwelewa kabisa. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu siku zile na nataka kulisema waziwazi: chakula kikishamezwa bado si chako. Kiko ndani ya mwili na bado hakijaingia mwilini. Kinapita katika mrija ulio wazi juu na chini, na kitakuwa chako pale tu kitakapovunjwa hadi kiwe kidogo kiasi cha kupenya ukuta wa mrija huo na kuingia kwenye damu. Tunahangaikia sana kushiba. Kushiba ni habari ya tumbo. Kulishwa ni kazi ya utumbo mwembamba, na mimi nilipewa nafasi ya kuitazama kazi hiyo kila siku, nikimwaga mfuko chooni.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kondele, hapa Kisumu. Biolojia niliiacha kidato cha nne. Mengine nimeyapata kwa kuuliza wauguzi, kusoma kwenye simu usiku nikiwa sina usingizi, na kutazama.

Kilichonifikisha huko ni homa ya matumbo. Bakteria wake, Salmonella Typhi, huingia na maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mtu aliye nao. Sisi tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado wengi wetu wa mitaa ya Manyatta, Nyalenda na Obunga tunateka maji ya visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka choo cha shimo. Mvua kubwa zikinyesha, maji ya choo na ya kisima hukutana chini ya ardhi. Bakteria hao hupenda kujificha kwenye mabaka ya tezi za kinga yaliyo mwishoni mwa utumbo mwembamba. Aliyeyaeleza mabaka hayo vizuri ni daktari wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, mwaka 1677, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Ugonjwa ukiendelea bila kutibiwa, mara nyingi kufikia wiki ya tatu, mabaka hayo huchimbika vidonda. Kidonda kikitoboka, vilivyomo utumboni humwagika ndani ya tumbo.

Mimi nilitobokewa. Homa ilikuwa imenishika polepole, ikipanda kila jioni, kisha siku moja maumivu yakaja kwa ghafla, tumbo likakakamaa nisiweze hata kuguswa. Picha ya eksirei ilionyesha hewa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mahali ambapo hewa haifai kuwepo. Usiku uleule nikaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari alikata kipande kilichooza, akaosha tumbo, na kwa sababu usaha ulikuwa mwingi hakuziunganisha zile ncha mbili papo hapo. Mshono uliowekwa kwenye uchafu wa namna ile huachia kwa urahisi. Akaitoa ncha ya juu nje, ya chini akaifunga ikapumzika. (Julai 2025 Kenya ilianza kuchanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya ugonjwa huu. Wangu wamechanjwa. Kama wako hajachanjwa, uliza kituo cha afya kilicho karibu nawe.)

Siku za kwanza sikuweza kuitazama ile ncha. Mama watoto ndiye aliyeitazama kwanza, akaniambia, "Baba, ni nyekundu na ni safi." Ni nyekundu kweli, tena ina unyevu, na inatembea. Hujikaza na kulegea yenyewe, hata ukiwa umelala. Sista aliigusa mbele yangu na sikusikia maumivu yoyote, kwa kuwa utumbo hauna mishipa ya kuhisi mguso wala mkato. Unachohisi ni kuvutwa na kutanuka, na ndiyo maana msokoto wa tumbo huuma sana. Nikaanza kuikubali siku nilipoelewa kwamba ule mwendo wa kujikaza na kulegea ndio unaosukuma chakula kila mahali mwilini mwa kila mtu, tangu kooni. Mtu aliyelala chali bado anameza. Chakula hakishuki kwa uzito wake, husukumwa.

Nilisoma habari za mtu aliyetazamwa kabla yangu. Aliitwa Alexis St. Martin, kijana wa Kanada aliyefanya kazi katika biashara ya ngozi za wanyama. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya karibu naye ikamchana ubavu wa kushoto. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, lakini jeraha liliacha tundu lililoingia moja kwa moja tumboni na halikuziba maisha yake yote. Kuanzia 1825 Beaumont alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwa uzi wa hariri, akavishusha kupitia tundu hilo, akavivuta nje baada ya saa moja, saa mbili, saa tatu, aone kilichobaki. Alichota pia maji ya tumbo akayatia kwenye chupa pamoja na nyama, akaipasha chupa joto la mwili, na nyama ikayeyuka humo. Kabla ya hapo wasomi walibishana kama tumbo linasaga chakula, linakiozesha au linakipika kwa joto. Kitabu cha Beaumont cha mwaka 1833 kilionyesha kwamba kuna dawa ndani yake, na dawa hiyo hufanya kazi hata nje ya mwili.

Nampa heshima Beaumont, lakini moyo wangu uko kwa St. Martin. Alikuwa maskini, mwenye mke na watoto, na alichoka kugeuzwa dirisha. Zaidi ya mara moja aliondoka akarudi kwao. Alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uoze kabla ya kuuzika ili madaktari wasiuchukue. Mtu aliyewahi kulala wadini huku wanafunzi wa udaktari wakizunguka kitanda chake anaelewa familia ile ilitaka nini.

Tundu la St. Martin lilikuwa mwanzoni mwa kazi, langu lilikuwa karibu na mwisho wake. Yeye aliona chakula kikianza kulainika. Mimi niliona kilichobaki baada ya mwili kuchukua chake.

Na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba ugali hauonekani. Nilikula ugali mchana na usiku, kwa sababu sista alisema ugali, wali na ndizi mbivu hufanya kinachotoka kiwe kizito kidogo, na kweli kilikuwa hivyo. Lakini hata siku moja sikuona chembe niliyoweza kusema, hii ni unga wa mahindi. Wanga wote ulikuwa umechukuliwa njiani. Kazi hiyo huanzia mdomoni. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi ambacho hukata minyororo ya wanga kuwa vipande vya sukari. Ukitafuna tonge la ugali mtupu kwa subira bila kumeza, utaanza kusikia utamu kwa mbali. Asidi ya tumbo huisimamisha amilesi hiyo, kisha kongosho hutoa nyingine chini zaidi, nyingi na yenye nguvu, na vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa utumbo wenyewe humalizia vipande vya mwisho. Kinachoingia kwenye damu ni glukosi. Damu haijui ugali.

Tumbo lenyewe hufanya machache kuliko tunavyolisifia. Huhifadhi chakula ili tusilazimike kula kutwa nzima, hukikoroga, na hutoa asidi hidrokloriki kali ya kuua wadudu wengi tuliowameza (si wote, kama nilivyojua kwa gharama). Asidi hiyo huzifungua protini zilizojikunja, na kimeng'enya cha pepsini huanza kuzikatakata. Kisha lango la chini hufunguka kidogokidogo na kupitisha kiasi kidogo kwa wakati mmoja. Mlo wa kawaida huchukua saa mbili hadi nne kuondoka tumboni, na mafuta huchelewesha zaidi. Siku nilipokula samaki wa mbuta wa kukaanga mfuko ulikaa mtupu muda mrefu kuliko siku ya uji. Siku nyingine dada yangu aliniletea bitiruti za kuchemsha. Nilikula saa saba mchana, na kabla ya saa kumi na mbili jioni mfuko ukawa mwekundu. Nilishtuka nikidhani ni damu, mpaka mama watoto aliponikumbusha nilichokula. Hivyo ndivyo nilivyojua mwendo wangu: saa nne, saa tano, kutoka mdomoni hadi karibu na mwisho wa utumbo mwembamba.

Kilichotoka kilikuwa majimaji, na wingi wake ulinitisha. Sista alinipa jagi lenye alama nipime na kuandika. Siku za mwanzo ilikuwa zaidi ya lita moja kwa siku, na sikuwa nimekunywa hivyo. Yalitoka wapi?

Yalitoka mwilini mwangu. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kila siku karibu lita 9 za majimaji hupita utumbo mwembamba wa mtu mzima, na kati ya hizo ni kama lita 2 tu tulizoingiza kwa kula na kunywa. Zilizobaki tunazimwaga sisi wenyewe kutoka kwenye damu: mate zaidi ya lita moja, maji ya tumbo, nyongo kutoka kwa ini, maji ya kongosho ambayo yana magadi ya kuzima ile asidi, na maji ya ukuta wa utumbo. Mwili hukopesha maji hayo ili chakula kiyeyuke, kisha huyadai. Utumbo mwembamba hurudisha kama lita 7 na nusu, utumbo mpana hurudisha karibu zote zilizosalia, na choo cha mtu mzima mwenye afya hutoka na maji yasiyozidi robo lita. Sasa fikiria kipindupindu, ambacho Kisumu tunakijua. Sumu yake hufungua bomba la kumwaga na mkopo haurudi. Mtu anaweza kukauka na kufa ndani ya saa chache bila kidonda chochote utumboni.

Majimaji yale yaliniunguza. Mfuko ukivuja usiku, asubuhi ngozi iliyozunguka stoma ilikuwa nyekundu, mbichi, inawasha kwa uchungu. Nilidhani ni uchafu wa kawaida. Sista akanieleza: "Hicho kinachotoka bado kina vimeng'enya vya kongosho. Havijui kama hii ni nyama ya ng'ombe au ni ngozi yako." Nilikuwa nikimeng'enywa kwa nje. Ndani utumbo hujilinda kwa ute mzito, kwa kubadilisha seli za juu kila baada ya siku tatu hadi tano, na kwa ujanja mmoja ambao bado naufurahia: kongosho hutengeneza vimeng'enya vyake vya kukata protini vikiwa vimefungwa, visiweze kukata chochote, na vinafunguliwa vikishafika utumboni. Ngozi haina ulinzi wowote wa aina hiyo. Dawa yangu ilikuwa kukata tundu la mfuko lilingane kabisa na stoma, kuosha kwa maji ya uvuguvugu, kukausha vizuri, na kupaka krimu ya zinki pale palipoachwa wazi. Kwa kuwa mkasi ndio kazi yangu, hilo la kukata sawasawa halikunishinda. Nilichora kipimo kwenye karatasi ngumu, nikakitumia kila mara, na kadiri stoma ilivyonywea nikachora kingine.

Sasa nije kwenye ukuta wenyewe. Utumbo mwembamba una urefu wa kama mita 6 ukipimwa kwa maiti. Kwa mtu aliye hai misuli huukaza ukawa mfupi zaidi. Urefu huo peke yake haungetosha. Ndani yake una mikunjo, juu ya mikunjo kuna vinyweleo vya nyama viitwavyo vili, vingi visivyozidi urefu wa milimita moja, na juu ya kila seli ya vili kuna vinyweleo vingine vidogo ambavyo havionekani bila darubini kali. Sisi mafundi tunajua kwa nini kitambaa cha taulo kinakausha mwili na kitambaa cha shati hakikaushi, hata vikiwa na upana uleule: taulo ina vitanzi vilivyosimama, na kila kitanzi ni kitambaa cha ziada. Utumbo umefumwa hivyo, taulo juu ya taulo. Vitabu vingi vya zamani husema ukitandazwa ungefunika uwanja wa tenisi. Watafiti wawili wa Sweden, Herbert Helander na Lars Fändriks, walipima upya wakachapisha mwaka 2014: ni kama mita 30 za mraba. Naipenda hesabu yao kwa sababu ni kubwa kuliko chumba changu na mke na watoto, na yote imekunjwa hapa chini ya mshipi.

Ndani ya kila kinyweleo kuna mishipa midogo ya damu na mshipa mmoja wa limfu, yale maji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe. Glukosi na vipande vya protini huingia kwenye damu, na damu hiyo haiendi moyoni moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye ini, ini likague na kuweka akiba. Mafuta yana njia yake. Nyongo huyatawanya kuwa matone madogo, lipesi ya kongosho huyakata, seli za ukuta huyapokea na kuyafunga upya, kisha huyapeleka kwenye limfu, ambayo hupanda kifuani na kumwaga mzigo huo kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo.

Na maji? Hapa naomba msomaji akae nami, kwa sababu hapa ndipo mtu anaokoka au anakufa.

Wiki za mwanzo nilikuwa na kiu isiyoisha na misuli ya miguu ilinikaza usiku. Kila aliyekuja kuniona aliniambia, "Kunywa maji, ndugu yangu, maji mengi." Sista akanikataza. Alisema maji matupu mengi yatanikausha zaidi, na akanipa pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Nilimwuliza anawezaje kusema maji yanakausha. Akachora kwenye gamba la boksi la dawa. Ukuta wa utumbo hauna pampu ya kuvuta maji. Maji hufuata tu kile kilichovuka. Kinachovuka ni chumvi, na kwenye seli za utumbo kuna mlango ambao sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, na glukosi hupita pamoja. Sodiamu ikiwa peke yake hapo haipiti, na glukosi ikiwa peke yake haipiti. Zikija zote mbili mlango hufunguka, zinaingia, na maji yanazifuata. Ukinywa maji matupu, utumbo wa juu humwaga chumvi ya mwili ndani yake, kisha kwa mtu wa hali yangu chumvi hiyo hutoka na maji mfukoni. Soda na chai yenye sukari nyingi ni balaa kwa upande mwingine, kwa kuwa sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni.

Aliyependekeza mlango huo wa pamoja ni Robert Crane, katika mkutano wa wanasayansi huko Prague mwaka 1960. Miaka kumi na moja baadaye, 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walifurika India na kipindupindu kikawaingia. Katika mji wa Bangaon dripu zilikwisha. Daktari wa watoto, Dilip Mahalanabis, akaamuru chumvi na glukosi zichanganywe kwa kipimo kwenye maji safi, zitiwe kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wenyewe wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Mlango ule haukuharibiwa na sumu ya kipindupindu. Ulikuwa wazi wakati wote, ukisubiri vitu viwili vifike pamoja.

Nililia nilipoisoma habari hiyo. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji hayohayo mkononi, yana ladha ya machozi, na miguu yangu ilikuwa imeacha kukaza.

Kwa hiyo mtoto wako akiharisha, usimnyime kinywaji na usimpe maji matupu pekee. Mpe ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogokidogo, mara kwa mara, pamoja na vidonge vya zinki anavyopewa kituoni, na aliye mdogo aendelee kunyonya. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Usizidishe chumvi. Macho yakizama, akiwa hana nguvu ya kunywa, au kuna damu kwenye choo, mpeleke hospitali sasa hivi.

Nimeeleza kilichopotea njiani. Kuna vilivyofika kwangu vikiwa vizima, na navyo vina somo. Ngozi za nyanya zilitoka zimejisokota. Sukuma wiki ilitoka kijani. Mrenda niliuvumilia vizuri, sijui kama ni ulaini wake au ni mapenzi yangu kwake. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ndizo zilizonionyesha zaidi: punje za mahindi zilitoka na umbo lao lote, mpaka ukiibonyeza moja ndipo unagundua ni gamba, mara nyingine limeachwa tupu ndani. Gamba hilo limejengwa kwa selulosi, na binadamu hana kimeng'enya cha kuikata. Ng'ombe naye hana. Yeye huwafuga wadudu wadogo tumboni wanaomfanyia. Daktari alinionya nisile nyoyo wala njugu kwa wingi wakati ule, kwa sababu fungu la maganda linaweza kuziba mlango mwembamba wa stoma. Punje niliyoitafuna vizuri ilinilisha. Ile niliyoimeza nzima ilipita na utajiri wake. Tangu hapo natafuna. Watoto wananiona mzito mezani, na nawaambia wasubiri, baba bado anafanya kazi.

Baada ya miezi kadhaa ncha zikaunganishwa. Wadi ya upasuaji ina jambo moja linalongojwa kwa hamu kuliko jua: upepo. Kila asubuhi daktari huuliza, "Umejamba?" na wazee wazima hujibu kwa heshima zote, ndiyo au bado. Nilipojibu ndiyo, mgonjwa wa kitanda cha pili alinipongeza, na sikuona haya.

Utumbo wangu mpana ulikuwa umekaa bila kazi wakati wote ule. Si kwamba ulikufa. Hata siku za mfuko nilihisi haja mara mojamoja nikaenda kutoa ute mweupe, kwa kuwa ukuta wake uliendelea kujipaka ulinzi wake. Lakini ulikuwa na njaa. Seli za utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nguvu zao kutokana na kile bakteria wanachotengeneza wanapochachusha nyuzinyuzi tulizoshindwa kumeng'enya, hasa asidi iitwayo butireti. Yale maganda ya mahindi, zile nyuzi za sukuma wiki ambazo nilizimwaga nikidhani ni takataka, kumbe sehemu yake ndiyo chakula cha wengine walio chini, nao hutulipa. Utumbo mpana uliokatiwa mlo huo kwa muda mrefu unaweza hata kuvimba.

Ulichukua muda kuzoea. Wiki za mwanzo nilikimbilia choo mara nyingi, majimaji yakiwa yaleyale ya mfukoni, na sehemu ya nyuma ikaungua kama ubavu ulivyokuwa ukiungua. Krimu ya zinki ikapata kazi mpya. Kisha pole pole maji yakaanza kurudishwa mwilini, choo kikashikana, na safari iliyokuwa ya saa nne au tano ikawa ya siku nzima na zaidi.

Kipande nilichokatwa ni cha mwisho wa utumbo mwembamba, na mwisho huo una kazi mbili ambazo sehemu nyingine haiwezi kuzichukua ipasavyo. Hurudisha chumvi za nyongo kwenye ini ili zitumike tena, na hufyonza vitamini B12, ambayo lazima ifike hapo ikiwa imeshikana na protini maalumu inayotengenezwa tumboni. Ini huweka akiba ya vitamini hiyo ya kutosha miaka, kwa hiyo upungufu huchelewa kuonekana, na ukijitokeza unaweza kudhuru damu na mishipa ya fahamu. Mwangu kilikatwa kifupi na kingi kimebaki. Hata hivyo daktari ameagiza nipimwe damu mara kwa mara, na kama kiwango kitashuka nitadungwa sindano, kwa kuwa kula maini na omena hakutasaidia kama mahali pa kupokelea hapatoshi. Mara ya mwisho kilikuwa sawa. Kama nawe ulikatwa sehemu hiyo kwa sababu yoyote, na hakuna aliyekutajia B12, iulize kliniki ijayo.